Kadi ya Kuonyesha na Kurudisha

Katika ukoo wetu hakuna kitu kinachotengenezwa na mtu mmoja kikaachwa salama. Ukishona kanzu, yupo wa kukwambia kola imezidi. Ukichimba choo, watakuja watu wazima na akili zao wasimame pale waulize kwa nini umekielekeza huko. Kwa hiyo dada yangu aliponiambia anataka kadi ya biashara, ilikuwa tuifanye palepale dukani kwangu Ukunda, ninapochapisha kadi na mabango, kisha jamaa wasikie baadaye. Lakini wapi. Dada alisema lazima ipelekwe nyumbani Msambweni, ikaonwe na wakubwa.

Dada yangu hupaka hina. Kutwa hutembea mchangani Diani na kikapu chake, akiwauliza wageni kama wanataka kuchorwa mikono, na walinzi wa hoteli humfukuza kama mbuzi aliyeingia shambani. Goti lake moja limeanza kumsumbua. Mwaka huu hoteli moja ikaamua kumweka mpakaji hina wake, akae penye kivuli cha makuti, kwenye kiti, wageni wamfuate yeye. Wanaotaka nafasi waende kwa meneja waache kadi, naye atachagua mmoja ampigie simu. Yaani mpakaji hina achaguliwe kwa karatasi, si kwa mkono aliouchora. Hoteli ndivyo zilivyo, zina akili zao. Lakini dada alikitaka kile kiti kuliko chochote, na aliniambia waziwazi: "Mdogo wangu, nimechoka kukimbizwa."

Nikamtengenezea kadi ya heshima. Rangi mbili, basi. Neno "Hina" kwa herufi kubwa, kwa sababu jicho hukimbilia kikubwa kwanza. Chini yake jina lake, kisha namba yake ya simu, imepewa nafasi ya kupumua. Maneno yote yalianzia mstari mmoja upande wa kushoto, yamenyooka kama safu ya swala. Pembeni nikaweka tawi moja dogo la mhina, na palipobaki patupu nikapaacha patupu kwa makusudi, maana penye utulivu ndipo mtu huona. Dada aliishika akatabasamu, akasema imetulia kama yeye.

Tukaipeleka kwa ami yetu, mdogo wake marehemu baba. Ami alistaafu ofisi za Matuga, alikogonga mihuri mpaka mvi zikamtoka, na tangu siku hiyo halimpiti jambo bila kutaka kuligongea muhuri wake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameinyoosha kadi mbali na macho, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mbona imepwaya?" akauliza. "Huku kote hakuna kitu. Karatasi si tumeinunua yote?"

Nikamweleza kwamba nafasi tupu nayo ni kazi. Akanitazama kama mtu anayetazama sahani ya wali aliyoletewa bila mchuzi. Kisha akaanza. Litiwe ua la waridi. Itiwe picha ya bibi harusi. Itiwe bendera, maana wageni wanapenda bendera. Na namba yake yeye iwe juu, pamoja na jina lake, Msimamizi, kwa herufi nene, kwa sababu "haipendezi wanaume wa nje wampigie mwanamke moja kwa moja." Msimamizi wa nini? Hajawahi kusaga hata jani moja la mhina katika maisha yake.

Hapo bado nilikuwa nabishana. Kilichonifunga mdomo ni kile alichokiacha mwisho.

"Na Bismillahi iko wapi?" akasema. "Kazi isiyoanza kwa jina la Mungu ina baraka gani? Iandike kwa Kiarabu, kubwa, ienee kadi nzima kama kivuli, na maneno mengine yakae juu yake."

"Ami, maneno juu ya maneno hayasomeki."

"Unabishana na mimi, au unabishana na Mungu?"

Wajanja wote wa ukoo wetu hutumia mlango huo huo. Wakishashindwa na hoja, hujificha nyuma ya dini, nawe ukiendelea kusema unaonekana wewe ndiye kafiri wa nyumba. Dada akaniashiria kwa macho niache. Nikachapa boksi zima la ule uchafu. Ukiishika ile kadi, cha kwanza unachokiona ni jina la ami, cha pili bendera, na namba ya dada imebanwa chini ya waridi kama mpangaji asiyelipa kodi.

Ubaya wake haukuonekana mpaka dada alipokwenda kumchora bibi harusi huko Ramisi. Aligawa kadi chache kwa wanawake waliokuwepo, na alipotoka uani akaikuta moja chini, karibu na jiko la chai, imekanyagwa. Aliniambia moyo ulimpasuka. Akainama akaiokota, akaipangusa kwa leso yake, akarudi ndani kuzikusanya zilizobaki, moja moja, akiomba radhi. Jina la Mungu halitupwi chini, halitiwi pipani, haliendi chooni ndani ya mfuko wa suruali ya mtalii. Ami alilijua hilo vizuri sana. Hakulifikiria tu, maana alikuwa anafikiria jina lake mwenyewe.

Nikamwambia dada nitaikata kadi sehemu ya juu kwa mkasi. Akaniuliza nitakata wapi, na maandishi yameenea pembe hadi pembe? Nikataka kumchapia ile ya kwanza. Akakataa, eti ami ataona amedharauliwa. Tangu siku hiyo akawa anampa mtu kadi, anamngoja aisome, kisha anamwambia kwa adabu, "Haya, nirudishie." Sijapata kusikia kadi ya biashara ya kuazima popote duniani ila kwetu.

Akaenda nayo hivyo hivyo hotelini. Meneja, mwanamke wa bara mwenye haraka zake, aliitazama, akaichezea vidoleni, kisha akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake. Dada akaomba aichukue.

"Unaichukua tena? Sasa nitakucall vipi?"

"Niruhusu nikuandikie namba kwenye karatasi."

"Hii ni hoteli, mama, si kioski. Tuliwaambia mje na kadi."

Alinipigia simu kutoka getini, akanieleza yaliyompata. Safari hii hakusema tena kwamba ami ataona amedharauliwa. Nilichapa ile kadi ya kwanza jioni hiyo hiyo, na asubuhi tukaenda pamoja. Penye kivuli cha makuti palikuwa na mama mwingine, tayari amekaa, anamchora mgeni kifundo cha mguu. Kadi zake zilikuwa mezani. Nikaitazama moja: rangi zote za kanga, picha tatu, hakuna mstari ulionyooka. Mbaya kupita hata yetu. Ila yake iliachwa mezani kwa meneja.

Tukarudi Msambweni. Ami alikuwa barazani na kikombe chake. Dada akamwamkia shikamoo kama kawaida, akamweleza yaliyotokea, kwa upole, bila kumlaumu hata kwa neno moja. Ami akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akavuta tasbihi yake.

"Msihuzunike," akasema. "Riziki anaijua Mungu. Kama ni yako utaiona."

"Nimeiona leo, ami," dada akasema. "Ameikalia mtu mwingine."

Akachukua kikapu chake, akarudi mchangani.