Msumari wa Nane

Marehemu baba yangu alikuwa fundi viatu. Akiwa kazini hubana misumari midogo minane midomoni, akiisukuma mmoja mmoja kwa ulimi. Ukimsemesha hapo, atakujibu kwa nyusi.

Alipoamua kwenda hija kwa miguu, safari ya siku tisa, nilimfuata kwa hofu. Kisukari kilikuwa kimeua nyayo zake. Hazikusikia moto wala mwiba. Daktari alisema kidonda kimoja kinatosha kumpotezea mguu. Kila jioni nilimvua viatu nikamkagua, huku nikiomba kimyakimya.

"Adhabu ya kaburi aijua maiti," alinitania. "Mguu wangu ni maiti isiyojua kitu."

Njiani tuliungana na mkunga mstaafu, na muuza nyama mnene tuliyempa jina la Kesho Tutafika, maana hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwenye kila kilima. Siku ya sita mchana, soli ya kiatu chake ikaachama. Baba akavua viatu vyake apumzishe miguu, akaketi kando ya njia kukipigilia kiatu kile, misumari midomoni.

"Mzee, kiatu kinadai chakula hicho," Kesho Tutafika akamtania.

Baba akainua nyusi.

Alipomaliza, akahesabu. Misumari saba ilikuwa kwenye soli; midomoni hamna kitu.

"Wa nane nimeumeza," akacheka, akivaa viatu vyake.

Nikamshika bega. "Baba, usicheke!"

"Basi tumbo nalo limepigwa soli," akasema Kesho Tutafika.

"Wewe nyamaza," mkunga akamkemea. "Mzee, kula mkate mwingi. Na usiiname."

Jioni ile nilimpapasa tumbo, nikamuuliza mara ishirini kama linauma. Kwa kuwa niliogopa kumkunja tumbo nikimvua, nilimwacha alale na viatu. Nyayo nilizisahau.

Asubuhi tulikuwa tumetembea kitambo Kesho Tutafika alipoita kutoka nyuma, sauti imebadilika. "Dada, simama. Mzee anapiga mhuri."

Kila alipokanyaga mguu wa kushoto, vumbi lilibaki na doa jekundu. Nilimvua kiatu. Msumari wa nane ulikuwa umezama kisiginoni.

"Hukusikia, baba?"

"Sikusikia, mwanangu. Hata sasa sisikii." Midomo ilimcheza. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. "Zimebaki siku ngapi?"

"Kwako wewe zimekwisha," mkunga alisema, akimwaga maji ya kunywa juu ya kidonda.

Kesho Tutafika alimbeba mgongoni mpaka barabara ya magari. "Kesho tutafika, mzee," alimwambia. Hakuna aliyecheka.

Mguu ulikatwa, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Baada ya wiki tano Mungu alimchukua.

Wale wenzetu wawili wa njiani walikuja kumzika. Kesho Tutafika alivaa viatu vilevile. "Soli bado imeshika," aliniambia.

Najua Mungu amempokea. Ila kila jioni, saa ile ile, mikono yangu bado inatafuta viatu vya kuvua.