Maji ya Maniben

Maniben, Mhindu mwenye duka la nguo Thika, hakuwahi kutia mguu kanisani wala hakuona haja. Jioni moja mwaka 1954, Waithira, aliyepanga chumba cha nyuma ya duka, alijifungua mtoto aliyepumua kwa shida. Kafyu ilishaanza, padri hangeweza kuitwa. Waithira, hoi kitandani, akamwomba Maniben ammwagie mtoto maji kichwani, akamtajia maneno ya kusema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Maniben akafanya hivyo, na mtoto akapona. Padri akaja na chupa ya maji, tayari kubatiza upya, akamgeukia Maniben.

“Mama, ulipomwaga ulikuwa na nia gani?”

“Ile ile ya mama yake.”

Padri akaifunga chupa. Kwa Kanisa, hata asiye Mkristo aweza kubatiza mtu aliye hatarini kufa, mradi anuie linalonuia Kanisa, na ubatizo haurudiwi.