Ndoo Tupu

Nesi wa kliniki ya kisukari alinigusagusa nyayo kwa ncha ya kalamu, akiuliza wapi nasikia na wapi sisikii, halafu akasema: "Mama, wewe ni fundi cherehani, unakaa kutwa. Tembea nusu saa kila asubuhi, haraka haraka, bila mzigo. Na uvae raba. Miguu hii ukiichezea, itakatwa."

Nikanunua raba za mtumba mnadani. Nikaanza kushuka na barabara ya vumbi inayoelekea bwawa la Hombolo, napita mashamba ya zabibu, narudi. Siku ya kwanza niliulizwa mara nne ninakwenda wapi.

"Natembea tu."

"Unatembea tu kwenda wapi?"

Kwetu mwanamke hatembei tu. Anakwenda bombani, mashineni, kanisani, msibani. Mwanamume akizunguka tangu asubuhi hadi jua limrudishe kivulini, huyo ananyoosha miguu. Mimi kuinyoosha yangu ikawa habari ya mtaa.

Wiki haijaisha, habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe, tunayeishi naye, alinisubiri uani. Nikajitetea kwa methali, maana naye ni mtu wa methali. Nikamwambia, "Mama, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota."

"Ndicho wanachosema," akanijibu. "Mwanamke mwenda bure huokota waume za watu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mume wangu alikuwa pale anakunywa chai, akajimiminia kikombe kingine, na kikombe hicho kiliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Basi nikajifanya mjanja. Asubuhi iliyofuata nilijifunga khanga kiunoni, nikachukua ndoo ya plastiki, tupu kabisa, nikatoka. Maswali yakaisha siku hiyo hiyo. Nikapita vijiwe vyote nikisalimiwa kwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa ya ndoo. Mwezi ule sukari ilishuka. Nesi akanipongeza, nami nikaona haya kumwambia kwamba natembea na ndoo isiyo na kitu.

Lakini ndoo ni ndoo. "Kila siku unapita bombani, unarudi na ndoo kavu?" mama mkwe akauliza. Nikaanza kukinga maji. Lita ishirini kichwani hazitaki haraka. Bombani ni matope, raba zikawa zinalowa, nikazitupa chini ya kitanda na kurudia kandambili zangu. Sitaki kuwasingizia wengine peke yao. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Mwiba wa mgunga ulipenya kandambili ukaingia wayoni, na sikuusikia. Nilitembea nao sijui siku ngapi. Mama mkwe ndiye aliyeona madoa sakafuni, akafikiri kuku kachinjwa ndani. Aliyafuata moja moja hadi kwenye cherehani yangu, akanikuta nakanyaga pedali huku naimba. Alikaa chini pale pale, akashika mguu wangu mapajani mwake, akalia. Mimi nilikuwa nauangalia kama mguu wa mtu mwingine.

Mjini Dodoma walikata vidole viwili. Baadaye wakarudia, wakaondoa vyote vitano na sehemu ya wayo.

Sasa natembelea magongo. Kila asubuhi nashuka na barabara ile ile, polepole, na raba moja. Ndoo ameichukua mama mkwe, na umri wote ule. Tukikutana njiani anasimama na maji yake kichwani, anawaambia watu, "Mpisheni huyo, ni mgonjwa. Ameambiwa atembee."

Wanapisha wote, na hakuna anayeuliza ninakwenda wapi. Nashukuru, halafu napandwa na hasira, kwa sababu niliambiwa nitembee nikiwa na vidole kumi.