Mistari Miwili Juu ya Wamwera

Amri Chilumba hakuwa mtu wa kukaa. Hata akila, alikula amechuchumaa, sikio limesimama kama anayesubiri kuitwa. Mkewe Biasha alizoea kusema kwamba vita vya Wazungu vilikwisha zamani, ila miguu ya mumewe haijaambiwa.

Huko jeshini ndiko alikojifunza kuendesha gari na kusoma, vyote viwili ukubwani, na vyote alivifanya kwa pupa. Mradi wa karanga ulipoanza Nachingwea, madereva walitafutwa kama dawa, na Amri akatoka kwao Ruangwa akapewa lori la kubeba vibarua. Asubuhi aliwapeleka kwenye mapori yaliyokuwa yakifyekwa, jioni akawarudisha wametapakaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Saa za katikati hakuwa na kazi, nazo zilimtesa. Wenzake walicheza bao au walilala chini ya lori. Yeye alitembea huku na huko kambini, na katika kutembea huko akaona chumba chenye madirisha mapana na benchi ndefu, ambacho wakubwa wa mradi walikifungua kwa wafanyakazi wanaojua kusoma.

Aliyekitunza chumba aliitwa Tomasi, kijana wa misheni kutoka upande wa Masasi, mpole, anayesema chini chini kana kwamba vitabu vimelala.

"Unataka nini, mzee?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Nataka habari za kwetu," alijibu Amri.

Amri alikuwa na sababu. Alizaliwa mwaka wa njaa, baada ya vita vya Majimaji, na baba yake hakumwona. Mama yake, hadi anakufa, alisema neno moja tu: "Alikwenda vitani, hakurudi." Ukoo ukalichukua neno hilo ukalikuza. Chilumba akawa shujaa aliyekunywa maji na kuwakabili askari wa Mjerumani, akafa mkuki mkononi. Amri aliyasikia hayo tangu utotoni, na aliyapenda. Lakini alikuwa ameona vita kwa macho yake, akajua kwamba mtu hafi hivi hivi tu, bila mahali wala aliyemwona. Baba alianguka wapi? Alikuwa na nani? Kila aliyemwuliza alimpa sifa, hakumpa jibu.

Vitabu vya Kiswahili vilivyohusu Afrika vilikuwa vichache, akavimaliza. Vilivyobaki ni vya Kiingereza, na Kiingereza cha Amri kilikuwa cha jeshini, kizuri kwa kupokea amri na kuomba mafuta ya gari. Tomasi akamfundisha kutumia kamusi, na kuanzia nyuma ya kitabu, kwenye orodha ya majina, badala ya kukivamia kutoka mwanzo kama shamba la kufyeka. Ndivyo siku moja kidole cha Amri kilivyosimama kwenye jina Wamwera, kabila lake. Akakimbilia ukurasa wenyewe. Ilikuwa mistari miwili. Wamwera nao waliasi, kitabu kilisema. Walitulizwa upesi, na njaa ikafuata.

"Kutulizwa ni nini?" Amri aliuliza kwa sauti iliyowafanya wasomaji wengine wageuke. "Kama mtoto anayelia?"

Tomasi aliuangalia ukurasa, kisha akauangalia mlango. "Maana yake walipigwa, mzee."

"Upesi?"

"Ndivyo kilivyoandika."

Amri alikifunga kitabu akatoka nje, akalizunguka jengo zima, akarudi. Akakifungua tena. Mistari ilikuwa ileile miwili.

Tangu hapo hakutulia kabisa. Siku za mapumziko alipanda baiskeli akaenda kuuliza. Alifika Kilimarondo, ambako wenyeji walimwambia asikae sana kwa sababu tembo walikuwa wakiingia mashambani. Alifika Nanganga, akasimuliwa vita vya watu wengine. Biasha akaanza kuchoka.

"Baba Kulthumu," alimwambia asubuhi moja akiwa ameishika baiskeli kwa nyuma, "walio hai hawakutoshi? Binti yako anakuona kama mgeni wa Ijumaa."

"Nikilijua jibu, nitatulia."

"Wewe? Ukilijua hilo utatafuta lingine."

Akaivuta baiskeli taratibu kutoka mikononi mwake, akijua kwamba ni kweli.

Mwaka ule ikawa dhahiri kwamba karanga zimeshindikana. Matrekta yalipangwa mstari kama ng'ombe wagonjwa, vibarua wakaanza kurudishwa makwao, na Tomasi akamwambia kwamba chumba cha kusomea kitafungwa na vitabu vitapakiwa kwenye treni kurudi pwani. Wapi hasa, hata yeye hakuambiwa. Wakati huohuo habari zikaja kutoka Ruangwa: mtoto wa Shaibu, binamu mkubwa wa Amri na kiongozi wa ukoo, alikuwa jandoni, na siku ya kutoka angepewa jina la Chilumba, jina la shujaa. Mambo mawili hayo yalimbana Amri kama mlango na fremu yake. Akaomba ruhusa, akaenda Mandawa, ambako alikuwa amesikia kuna mama aliyetoka kijiji kimoja na baba yake.

Alimkuta shambani akipiga ufuta. Aliitwa Zuena, mtu mzima mwenye mikono yenye nguvu, na ndonya, pambo la kipande cha mti, bado ikiwa kwenye mdomo wa juu kama wanawake wa umri wake. Wakati wa vita alikuwa msichana mdogo. Alimsikiliza Amri akijitambulisha, kisha akauweka chini mganda wa ufuta.

"Mtoto wa Chilumba," alisema kwa Kimwera. "Una macho yake. Kaa kivulini, nikupe chakula."

"Sikuja kula, mama. Nataka kujua alifia wapi."

"Alipofia sijui. Nilipomwona mara ya mwisho ndipo ninapojua. Kula kwanza."

Akala ugali wa mtama na mbaazi asizozionja ladha. Alipomaliza, Zuena alisema bila kupandisha sauti. Askari walipokuja, watu walikimbilia kwenye majabali. Chakula walikifukia mashimoni, na wanaume wachache tu ndio waliojua mashimo yako wapi, Chilumba akiwa mmoja wao. Zuena na mama yake walijificha mahali ambapo kijiji kilionekana chini. Wakamwona Chilumba akija mbele ya askari, akiwaonyesha kwa mkono: hapa, na hapa, na pale. Askari wakafukua mtama wote. Wakachukua waliouweza, mwingine wakauchoma. Kisha wakaondoka, na Chilumba akaenda nao, amebeba mzigo kichwani.

"Mama yangu alikufa kabla ya mvua," alisema Zuena. "Na wadogo zangu."

Amri hakuweza kuinua uso. "Mbona hamkusema?"

"Tuseme kwa nani? Mama yako alikuwa na mimba yako. Alikuwa na njaa kama sisi. Tukaacha."

Alikanyaga baiskeli kutoka Mandawa mpaka Ruangwa bila kujua amepita wapi. Alitamani asingeuliza. Alitamani ile mistari miwili, ambayo haikumtaja mtu. Kama angenyamaza, Zuena angeendelea kunyamaza, mtoto angepata jina, na Chilumba angebaki na mkuki wake. Lakini jambo moja lilimkereketa: mtu anayewaonyesha askari chakula cha watoto wa wenzake, kwa nini yeye hakubakiza hata debe kwa mkewe mjamzito? Kwa nini alitoka akiwa na mzigo kichwani?

Badala ya kwenda nyumbani akarudi Nachingwea. Chumba kilikuwa nusu tupu, na Tomasi alikuwa akipigilia masanduku misumari.

"Yule Mzungu uliyewahi kunionyesha, aliyeandika safari za jeshi la Mjerumani," Amri alisema akihema. "Kitabu chake kiko sanduku gani?"

"Mzee Amri, nimeshafunga."

"Fungua, kaka. Nakuomba."

Tomasi alimtazama, akachukua nyundo akang'oa misumari aliyoipigilia punde tu. Wakakaa sakafuni, kamusi katikati yao, wakatafuta neno "wapagazi" kwenye orodha ya nyuma. Walilikuta kurasa baada ya kurasa. Mwandishi hakuona aibu. Alieleza kwamba wanaume walikamatwa vijijini, wakafungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyekataa kuonyesha chakula alichapwa mpaka aonyeshe. Wengi wa wapagazi hawakurudi, na majina yao hayakuandikwa. Kutoka juu ya jabali, msichana angeona mkono unaoonyesha. Kamba asingeiona.

"Hakijasema kwamba yeye alifungwa," Tomasi alisema taratibu. "Usikilazimishe kitabu, mzee."

"Najua." Amri alijipangusa uso. "Kitabu hakimjui. Na yule mama hakuwa karibu. Nitayasema yote mawili, na nitakaposhindwa nitasema sijui."

Akayasema, nyumbani kwa Shaibu, mbele ya wazee wa ukoo, kabla ya siku ya kutoka jandoni. Alianza na Zuena na mashimo ya mtama, akikusudia kumalizia na kamba. Hawakumwacha afike kwenye kamba; walimkatiza alipotamka neno shingoni. Shaibu alisimama.

"Umepanda baiskeli kutwa kucha kumtafuta baba yako ili umzike matopeni?"

"Nataka mtoto apewe jina hilo, kaka. Ila apewe pamoja na habari zake."

"Ondoka kwangu!"

Mtoto alipewa jina la babu mwingine. Shaibu akaacha kumsalimia Amri, na misimu miwili ya ufuta ikapita wakipishana njiani kama wasiojuana. Biasha, aliyekuwa ameshikilia ile baiskeli, ndiye aliyebeba kapu la mchele mpaka Mandawa kumpa pole Zuena, pole iliyochelewa maisha mazima.

Mradi ulipokwisha, Amri alipata kazi kwa mfanyabiashara wa Nachingwea, akiendesha lori la ufuta na korosho. Kila aliposimama aliuliza watu wazima: mlikimbilia wapi, nani alichukuliwa, jina lake nani. Wengine walimwona kichaa. Wengine walishika ubao wa lori wakasema mpaka mfanyabiashara, siku alizofuatana naye, akapiga honi mwenyewe. Alikusanya majina mengi ya wapagazi, la baba yake akilitaja la kwanza. Hamu haikumwisha. Kila jina lilizaa swali, na usingizi wake ukabaki mwepesi.

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne, asubuhi ya soko, alikuwa akifunga turubai Ruangwa alipoona Shaibu anakuja. Alikuwa amezeeka ghafla. Alisimama upande wa pili wa lori, akaishika kamba ya turubai, akaivuta ili Amri apate kufunga.

"Siku ile," alisema, "kulikuwa na neno ulilokuwa bado hujalimaliza. Neno la shingoni."

"Kamba."

"Uliliona limeandikwa?"

"Nililiona, kaka. Lakini kitabu kimekwenda, sina cha kukuonyesha. Na hakikumtaja yeye."

Shaibu aliiangalia kamba iliyokuwa mkononi mwake, kisha akaiachia.

"Yule mama wa Mandawa, bado yu hai?"

"Yu hai."

"Lori lako linapita huko?"

Halikuwa likipita huko. Lilitakiwa Nanganga kabla ya adhuhuri, na mfanyabiashara alikuwa mkali. Amri alifungua mlango wa upande wa abiria.

"Panda," alisema.