Kichekesho cha Jikoni

Kutembea kinyumenyume si kazi ya kila mtu. Jaribu wewe: pita vyumba kumi na kimoja vya jumba la kale ukiwa umeipa milango mgongo na wageni uso, huku unatabasamu, unaongea, na usigonge hata kiti kimoja cha bwana mkubwa aliyekwisha kufa zamani. Profesa aliiweza kazi hiyo ya kutembeza wageni kwa miaka kumi na tisa. Jina la Profesa alipewa na wenzake kwa sababu ya miwani na mdomo. Chuo kikuu alikiona kwa nje, akipita.

Jumba lenyewe liko kilimani katikati ya kisiwa, na mashamba ya miwa yaliyolizunguka siku hizi ni majani matupu. Wageni hufika kwa basi, huketi kwenye benchi la veranda na kuvaa soksi nene za kitambaa juu ya viatu ili wasichubue sakafu ya mbao. Kisha huanza safari: sebule, chumba cha kulia, vitanda vya nguzo nne, saa za ukutani, bafu la shaba. Tuseme ukweli, mambo hayo yanachosha. Siku moja ya mvua, katika mwaka wake wa pili kazini, Profesa alimwona mgeni mmoja akipiga miayo mpaka magego yanaonekana. Walipofika jikoni, ulimi ukamponyoka. Akaanza kusimulia habari za mpishi mnene aliyeitwa Mama Kiguu, mwizi wa sukari, ambaye siku moja alifumaniwa na bwana mkubwa mkono ukiwa ndani ya kopo, akaruka dirisha, akaanguka kama gunia, na tangu hapo akawa anapeleka chai mezani akichechemea. Profesa akachukua sinia akachechemea mwenyewe. Watu wakavunjika mbavu. Yule wa miayo alicheka mpaka akashika meza.

Basi, mtu akishaonja kuchekewa namna hiyo, humtoi tena. Kila mwaka alikitia chumvi kisa chake, mpaka uongozi nao ukanogewa: ukamchongesha Mama Kiguu wa mbao mwenye sinia mkononi, ukamsimamisha kando ya jiko. Watu walikuwa wanafika getini tu, wanaulizia, "Mama Kiguu yuko wapi?"

Sasa, mpishi huyo alikuwepo kweli. Alikuwa bibi yake Profesa, mama mzazi wa mama yake. Hakuwa mnene, hakuwa mwizi, na dirisha hakuliruka. Alikuwa akipandisha ghorofani ndoo ya maji ya moto ya bwana mkubwa kuoga, ngazi zimetoka kupakwa nta, akateleza. Maji yote yalimwishia mguuni. Kesho yake alirudi kazini, maana chumba alicholala na mtoto wake kilikuwa cha shamba, na asiyefanya kazi alitolewa. Profesa hakuwahi kumwona. Habari hizi alizipata kwa mama yake, mara moja, akiwa kijana. Kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Alijua. Mwanzoni alikuwa akirudi nyumbani anashindwa kumtazama mama yake usoni. Baadaye akazoea, na huko kuzoea ndiko kubaya zaidi.

Kilichomsaidia ni kwamba mama hakuwahi kukanyaga jumba lile tangu lifanywe makumbusho. "Nililiona la kutosha nikiwa mtoto," alikuwa akisema, "nikimsubiri mama yangu mlango wa nyuma." Profesa hakumbembeleza hata siku moja.

Ndipo Jumamosi moja akatoka verandani kulaki kundi la walimu walio likizoni, na mwisho wa benchi akamwona bibi kizee wa miaka sabini na sita, amevaa gauni lake la harusi za watu, ameinama anahangaika na soksi za kitambaa.

"Mama! Umekujaje huku?"

"Jirani kanileta na gari lake. Eti ulimwambia mwenyewe kwamba unamsimulia bibi yako humu, na watu wanampenda kweli kweli." Mama alishusha sauti, akaona haya kidogo, kama msichana aliyesifiwa. "Nikasema ngoja niende nikasikie. Mama yangu kutajwa ndani ya nyumba hii! Nani angedhani?"

Profesa akasimama mbele yake. Ni kweli alijigamba kwa jirani, kiherehere chake hicho. "Mama, ngazi ni nyingi, utachoka. Kaa hapa nikuletee soda."

"Nitachoka kesho," alisema mama, akasimama.

Siku hiyo saa za ukutani zilipata hotuba ambayo hazijawahi kupata. Profesa alieleza kila mshale, kila msumari. Alikuwa anavuta muda kwa makusudi, labda basi la walimu lingepiga honi kabla ya jikoni. Mama alifuata taratibu akiwaambia walimu waliokuwa karibu naye, "Huyo ni mwanangu." Walipofika mlango wa jikoni, Profesa alisema bila kumeza mate, "Hapa pamefungwa, panakarabatiwa."

"Nani kakwambia?" Ilikuwa sauti ya msimamizi wa jumba, mwanamke mwenye rundo la funguo, aliyekuwa akipita ukumbini. "Pako wazi! Wageni, msiondoke bila kumwona Mama Kiguu!"

Walimu wakashangilia. "Chechemea, Profesa!"

Angeweza kusema. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, hauzidi dakika mbili. Lakini nyuso thelathini zilikuwa zimekaa tayari kucheka, msimamizi amekunja mikono anangoja, na mama yake, kwa kuwa mzee, alikuwa amepishwa mpaka mbele kabisa. Woga ukamshinda. Akachukua sinia. Alikisema kisa chote haraka haraka, macho chini, akachechemea kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, na kicheko kikajaa mle ndani. Alipothubutu kuinua macho, akamwona mama yake naye anacheka, kiganja mdomoni, kwa furaha ya mzazi anayeona mwanawe anapendwa.

Baadaye walimu wakawa wanaelekea kwenye basi. Mama alibaki kwenye benchi, amevua zile soksi, anazikunja vizuri moja juu ya nyingine.

"Umesema vizuri, mwanangu. Huyo mwizi wako kanichekesha. Wapishi walikuwa wengi humu, huyo simkumbuki." Akatazama kando kuhakikisha hawasikiwi. "Ila mama yangu hujamfikia. Au anasimuliwa siku nyingine?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: muda umetuishia, mama. Aliumeza. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, ndiye yule."

"Yule nani?"

"Mama Kiguu. Ndiye bibi. Nilimgeuza mimi, ili watu wacheke."

Mikono ya mama ilitulia juu ya soksi. "Na mimi nimecheka," alisema. "Nimesimama jikoni kwake, nimemcheka mama yangu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi utaniomba baadaye, niko nyumbani siku zote. Waliocheka na mimi ndio hao wanaondoka. Wafuate."

Injini ya basi ilikuwa imeshawaka. Profesa alikatiza ua mzima mbio, miwani inamrukaruka puani, akagonga mlango kwa viganja viwili. Dereva akafungua. Akapanda ngazi akihema, akageukia viti.

"Mama Kiguu huyo!" mwalimu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na basi zima likaangua kicheko kabla hajafungua mdomo. Wengine walipiga makofi. Profesa alisimama pale mbele, ameshika kiti cha dereva, akingoja wanyamaze.