Namba ya Pikapu ya Baba

Hapa kwetu mtu akikaa na gari miaka mingi, huitwa kwa namba yake. Baba yangu aliitwa KAC, herufi za kwanza za namba ya pikapu yake, hadi siku tuliyomzika, na mama akawa Mama KAC. Pikapu hiyo nyeupe sasa naiendesha mimi. Pikapu nyeupe Bomet ni nyingi kama maharagwe, kwa hivyo mama alizoea kuangalia namba kwanza, dereva baadaye. Sasa akili yake imeanza kupotea. Sura yangu huisahau, lakini kila Jumapili nikimfuata kanisani Merigi, huisoma ile namba herufi kwa herufi, anacheka, anapanda. Kwake hiyo namba ndiyo mimi.

Nilijua hayo yote. Ndiyo maana mpaka leo najikasirikia.

Jumamosi huwa tunaoshea magari Silibwet, wapenda magari watatu. Siku moja rafiki yangu muuza maziwa alitokea na namba pleti ya kujichagulia, imeandikwa MAZIWA. Tulicheka hadi machozi.

"Kwani ni ng'ombe itaendesha?" akauliza mwenzetu wa tatu, mwalimu mstaafu.

"Wivu tu hiyo, mwalimu. Yako tutaandika CHAKI."

"Na huyu?" Mwalimu akanigeukia. "Huyu aandike SUKUMA. Mvua ikinyesha kidogo tu, injini ni sisi."

Nilicheka nao, lakini maneno yalinichoma. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na gari ya baba haichezewi. Nikawaambia, ngojeni mtaona. Wiki hiyo hiyo nikaomba pleti yangu: MZEE. Haki ya Mungu, nilidhani nampa baba heshima.

Ilipofika, fundi alizifungua pleti za zamani kwa bisibisi, nami nikazirudisha serikalini, ndiyo sheria. Wenzangu walipiga makofi. "Sasa hiyo ni gari!" akasema muuza maziwa, na kichwa kikanivimba kweli kweli.

Kesho yake, Jumapili, nikaenda Merigi. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya kanisa, Biblia mapajani. Aliisoma pleti polepole mpaka mwisho, kisha akaangalia barabara nyuma yangu.

"Mama, twende nyumbani. Ni mimi."

"Asante, baba," akanijibu kwa adabu, vile huongea na wageni. "Wewe nenda tu. Mimi nangojea kijana wangu. Anakuja na gari ya baba yake."

Nikambembeleza. Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha kiti alichokalia miaka yote hiyo. Akatingisha kichwa. Waumini wengine walikuwa wanaondoka.

"Hajawahi kuniacha hapa," akasema, akasogea kwenye benchi nipate nafasi. "Kaa kidogo, utamwona. Ni mtoto mzuri sana."

Nikaenda nikazima injini, nikarudi nikakaa.