Ukimwambia Mtu Gari Linakuja

Kuna siku moja ya ujana wangu, mwanangu Nyanjura, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nazima redio kwanza. Ni siku ile mama yako alipopakiwa kwenye pikipiki ya jirani kule Kisorya, uchungu umeshamshika, wewe ukiwa tumboni, wakikimbilia hospitali upande wa Bunda. Programu ya kuita gari la wagonjwa ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kompyuta yangu hapa Musoma, na ilikuwa haijafunguliwa. Mama yako ameshakusimulia, najua, na najua anavyosimulia. Sasa nisikilize na mimi.

Jana ulinipigia kutoka Mwanza ukauliza, "Mama mdogo, hivi njia ipi ya kutengeneza programu ndiyo bora?" Ukasema ofisini mmegawanyika. Wengine wanataka kupanga kila kitu kabla ya kuandika hata mstari mmoja, wengine wanataka kutoa kipande kipande kila wiki. Na mkuu wenu anataka ule mfumo wa kuombea damu hospitalini ufunguliwe Jumatatu, uwe umekamilika au haujakamilika. Niliguna tu. Jibu lenyewe ni refu, na simu yako inakatikakatika, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Tulikuwa wawili kwenye chumba kimoja mtaa wa Mwisenge, hapa hapa Musoma, mimi na Mzee Wambura. Yeye mtu wa Butiama, fundi wa siku nyingi, anaongea polepole mpaka unatamani kummalizia maneno. Mimi ndio kwanza nimetoka chuo, kiherehere kimenijaa. Hospitali ilitupa kazi: mama mjamzito wa vijiji vya ziwani akishikwa na uchungu, mhudumu wa afya wa kijiji atume ujumbe kwa simu, kompyuta itafute gari, dereva apate taarifa, na mhudumu ajibiwe kwamba gari linakuja.

Mzee akachagua njia aliyoizoea, hiyo mnayoiita Waterfall. Mahitaji yote yanaandikwa na kusainiwa, halafu unachora ramani ya programu, halafu unaiandika, halafu unaipima, na hatua ukishaivuka hurudi nyuma. Tukaenda Kisorya na makaratasi yetu. Wahudumu wakatupokea kwa samaki sato na ugali wa muhogo. Tukawasomea kila kitu, tukauliza kama iko sawa. "Iko sawa kabisa!" wakasema wote, na makofi juu. Mzee akafurahi. Mimi nimezaliwa kule, mwanangu, najua mgeni aliyetoka mjini hapingwi mbele ya chakula. Tukiwa njiani nikamwambia, "Mzee, hawa hawajakubali. Wametukaribisha tu."

Akanicheka. Lakini tulipowapelekea ile sehemu ya kutuma ujumbe kwa simu waijaribu, wiki ikapita bila ujumbe hata mmoja. Nikarudi peke yangu, nikakaa jikoni kwa mhudumu mmoja, Mama Kezia, tukichambua dagaa. Hapo ndipo akafunguka. "Mwanangu, salio la kutumia meseji nitoe wapi? Sisi tunabipu tu, simu ikiita tunakata."

Aisee, nilijipiga paji la uso. Nikatengeneza kitu kidogo: unabipu, kompyuta inakupigia, inakuuliza uko kijiji gani. Nikawapelekea. Wakacheka mpaka machozi, wakasema hiyo sauti inaongea kama inakimbizwa. Nikairekebisha, nikarudi, wakanikosoa tena, sasa bila aibu. Watu wale wale waliopiga makofi! Hiyo ndiyo mnayoiita Agile, kutoa kidogo, kusikiliza, kurekebisha. Mzee alipokuja kuona watu wanaitumia akasema, "Hapa umenishinda." Weeh, kichwa kikavimba.

Kwa kichwa hicho hicho nikataka na sehemu ya kutafuta gari tuifungue vile vile. Ilikuwa inafanya kazi, ila haijamaliza kupimwa. Mama yako alikuwa amefikisha miezi yake. "Tufungue, tutarekebisha huku wanatumia," nikasema. Mzee akakataa. Nikamlilia, nikamwambia ni dada yangu, tumbo moja. Akageuza kiti akaniangalia.

"Binti, ukimwambia mtu gari linakuja, umemkalisha. Ataacha kutafuta pikipiki, ataacha kuita majirani. Una hakika litakuja?"

Kila hitaji alikuwa ameliandikia kipimo chake tangu mwanzo, ile njia inayochorwa kama herufi V: ukishuka unapanga, ukipanda unapima kila ulichopanga. Vipimo vichache vilikuwa vimebaki. Nikaona ni ukaidi wa kizee tu.

Kesho yake asubuhi mama yako akashikwa. Namba ya kubipu ilikuwa bado ya majaribio tu, haiiti gari, kwa hiyo baba yako hakupoteza muda, akakimbilia kwa jirani mwenye pikipiki. Ulizaliwa wakiwa ndio wamefika. Mama yako alitoka damu nyingi sana, na nesi akasema wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazika. Nilipofika wodini aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo kompyuta yenu ilikuwa wapi?" Nilimchukia Mzee Wambura kwa moyo wangu wote, sikufichi.

Nikarudi ofisini kumalizia vipimo, nalia. Kimoja kilikuwa hiki: wahudumu wa vijiji viwili wakiita kwa wakati mmoja inakuwaje? Nikajaribu. Kompyuta ikawajibu wote wawili kwamba gari linakuja, na gari ni lile lile moja. Nikampigia dereva, nikamuuliza asubuhi ile dada yangu aliposhikwa yeye alikuwa wapi. Akasema alikuwa ametumwa na hospitali upande wa Guta kumfuata mama mwingine.

Nilikwenda nikamweleza mama yako kila kitu. Alimaliza kukunyonyesha, halafu akasema, "Ningekaa. Mngeniambia linakuja, mimi ningekaa kusubiri." Tukalia wote wawili. Ila akiwasimulia watu bado anaishia pale kwenye pikipiki, na mimi namwachia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize njia bora. Niulize kazi gani, na ikikosewa nani anaumia. Kama watumiaji hawajui wanachotaka, au wanajua lakini wana adabu mno ya kukuambia, na kosa lenyewe litaishia kwenye kicheko, nenda kidogo kidogo na uwarudie kila mara. Kama mahitaji yanajulikana na hayabadiliki, panga moja kwa moja hadi mwisho, wala usimwonee aibu anayekuita wa kizamani. Na pale ambapo hujui hata kama jambo linawezekana, zunguka kama wale wa Spiral, kila mzunguko ukianza na kile kinachokutisha zaidi. Lakini panapohusika uhai wa mtu, andika kipimo kabla ya programu, na usifungue mpaka kipite. Kazi moja inaweza kubeba njia mbili, yetu ilibeba.

Hiyo Jumatatu yenu, wapeni manesi ile sehemu ya kujaza maombi waichezee, wawacheke, mrekebishe. Ile sehemu inayojibu kwamba damu ipo, usiifungue mpaka uwe na hakika. Mkuu wako akinuna, anune. Mwambie daktari akiambiwa damu ipo ataacha kuitafuta kwingine.

Mungu akupe wepesi wa kufuta ulipokosea na uzito wa kuahidi usichokuwa nacho. Akulinde kazini, akupe wenzako wasemao kweli hata ukiwa mgeni wao. Na mgonjwa atakayelala kitandani Jumatatu asijue jina lako wala kazi yako, ajue tu kwamba alipoambiwa damu inakuja, ilikuja.